Tarehe ya Gemu Hupangwaje, na Kwa Nini Husogezwa

Novemba 2025, kampuni ya Rockstar waliposogeza tena tarehe ya kutoa gemu yao ya GTA VI, vibanda vya gemu vya Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, vilipata mawakili wa pande mbili. Upande mmoja uliapa kwamba kampuni imeishiwa pesa. Wa pili ulisema gemu iko tayari siku nyingi, wanaibania tu ili watu wazidi kuitamani. Trela ya kwanza, Desemba 2023, ilitaja mwaka 2025. Baadaye ikawa 26 Mei 2026, na safari hii 19 Novemba 2026. Aliyekuwa anadunduliza hela ya mashine ya PS5 kwa ajili ya siku hiyo ana haki ya kukasirika.

Ila pande zote mbili zinajikwaa mahali pamoja. Zinadhani ipo siku gemu inakuwa imekwisha kabisa, na kinachobaki ni kuamua kuiachia au kuibana. Siku hiyo haipo. Gemu kubwa ya misheni, yaani ya kufuata hadithi, hufungwa ikiwa bado ina kasoro ambazo waundaji wenyewe wanazijua, kwa kuwa kiwanda cha diski, wasafirishaji, maduka na matangazo vyote vimeshaandaliwa kwa tarehe moja. Ugomvi wa kusogeza tarehe unatokea hapo. Bei nayo inatokea hapo, na hata zile apdeti za GB kadhaa zinazokumalizia bando.

Mafaili ya Rockstar hatuwezi kuyafungua. Tuchukue gemu nyingine ambayo siri zake nyingi zimeshatoka nje, baadhi kwa uzembe wa wenyewe: The Last of Us Part II, iliyotoka 19 Juni 2020 kwa PS4. Walioicheza wanaijua. Ellie, binti aliyekulia katika Marekani iliyoangushwa na maradhi ya kuvu, anakwenda Seattle kulipiza kisasi, na katikati ya njia gemu inakukabidhi umcheze Abby, yule yule uliyekuwa unamwinda. Kuna kupigana, kunyata, kupekua majumba yaliyohamwa, na hadithi ndefu inayokubeba saa ishirini na zaidi.

Kwanza tuwatenganishe wahusika, maana kibandani wote huitwa "Sony". Aliyeiunda ni studio ya Naughty Dog ya Santa Monica, California, iliyoanzishwa mwaka 1984. Mchapishaji, yaani anayetoa mtaji, kutangaza na kusambaza, ni Sony. Mwenye mashine pia ni Sony, na studio yenyewe Sony waliinunua mwaka 2001. Kwa GTA mambo ni tofauti: Rockstar iko chini ya mchapishaji Take-Two, na Sony na Microsoft ni wenye mashine tu. Ukiwalaumu Sony kwa kuchelewa kwa GTA VI unamlaumu mwenye uwanja kwa timu iliyochelewa kufika.

Sasa pesa. Juni 2023, serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft mjini San Francisco ikitaka kuizuia isiinunue kampuni ya gemu ya Activision Blizzard. Sony walipeleka mahakamani nyaraka zao, na takwimu nyeti zikafutwa kwa kalamu nyeusi ya wino mzito. Karatasi zilipopitishwa kwenye skana, namba zikasomeka chini ya wino. Hivyo ndivyo dunia ilivyojua kwamba The Last of Us Part II iligharimu dola milioni 220, na kwamba wakati wa kilele ilikuwa na wafanyakazi wapatao 200. Horizon Forbidden West, gemu nyingine ya Sony, ilionekana humo humo: dola milioni 212, watu 300, miaka 5. Milioni 220 ni zaidi ya shilingi bilioni 500 kwa kiwango cha wakati ule.

Watu huruka moja kwa moja kwa waigizaji na matangazo. Tupige hesabu. Kadirio lililotumika kwa miaka mingi katika studio za Marekani ni dola 10,000 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, ukijumlisha mshahara, bima, pango na kompyuta. Watu 200 wanakula milioni 2 kwa mwezi, milioni 24 kwa mwaka. Kazi ya gemu hii ilianza mwaka 2014 na kikundi kidogo, wengi wakiwa bado kwenye Uncharted 4, gemu nyingine ya studio hiyo, iliyotoka Mei 2016. Ongeza kazi za michoro zilizotolewa nje ya studio, ongeza kurekodi sauti na miili ya waigizaji, na milioni 220 inaacha kuwa muujiza. Sehemu kubwa yake ni mishahara ya watu waliokaa kwenye viti miaka mingi.

Wamekaa wakifanya nini? Chukua kitu kidogo kama jina. Ukimuua mlinzi ndani ya gemu hii, mwenzake akiukuta mwili anamwita kwa jina lake na kuomboleza. Hata mbwa wana majina. Jina moja la mlinzi linahitaji mwandishi wa kulitunga, mwigizaji wa kulitamka kwa hofu, kwa hasira na kwa kunong'ona, fundi sauti wa kulisafisha, na mwandika programu wa kuhakikisha mlinzi anayepiga kelele alikuwa karibu na ameona. Halafu maneno hayo yanarekodiwa upya kwa lugha nyingine. Kiswahili hakimo, ndiyo maana kibandani hujitokeza kijana mmoja wa kusimulia kwa sauti, kama wale watafsiri wa mabanda ya video, na mara nyingi anaongeza chumvi kuliko Ellie mwenyewe.

Au chukua kamba. Kuna sehemu unarusha waya juu ya boriti, unaning'inia, unavuka. Mchezaji anatumia nusu dakika. Ila waya huo unajizungusha kwenye chochote unachokutana nacho, unakaza na kulegea, na kila mara hesabu inafanyika upya. Kazi ya miezi ya mtu inapita mikononi mwako kabla hujamaliza soda.

Na kuna kazi ambayo huioni kabisa kwa sababu ilitupwa. Mwanzoni studio ilijaribu kuiunda kama dunia ya wazi ya kuzurura, ikivutwa na gemu ya Bloodborne, mapigano yakiwa zaidi ya mkono kwa mkono. Wakaacha. Walioijenga sehemu hiyo walilipwa kama wengine. Ndiyo maana mimi huwa siamini anayesema "gemu hii ni fupi, bei imezidi". Urefu unaocheza hauonyeshi urefu uliojengwa.

Baada ya majaribio ya mwanzo, kazi hupitia hatua mbili ambazo majina yake utayasikia sana. Alfa ni pale ambapo gemu nzima inaweza kuchezwa toka mwanzo hadi mwisho, hata kama ni mbovu na nusu ya ukuta haina rangi. Beta ni pale ambapo hakuna kipya kinachoongezwa. Kuanzia hapo ni kutafuta makosa na kuyarekebisha. Kila kosa lina namba, na orodha huwa ya maelfu. Wakuu hukaa na kuamua lipi litarekebishwa na lipi litaachwa. Kwa hiyo yale makosa unayoyakuta, kama adui kuzama nusu mwili ndani ya sakafu, mengine yameshaonwa na mtu, yakapimwa, yakaachwa.

Mipaka ya mashine nayo inakula muda. PS4 ina kumbukumbu ya GB 8 inayogawanywa kati ya picha, sauti, akili za maadui na mfumo wa mashine wenyewe, na kila picha kwenye skrini lazima ichorwe ndani ya milisekunde 33 ili zipatikane 30 kwa sekunde. Seattle nzima haiingii kwenye GB 8. Fikiria meza ya muuza migebuka pale Kibirizi: samaki wanaoonekana mezani ni wachache, waliobaki wako ndani ya boksi la barafu, na kijana anachomoa wengine kadiri wateja wanavyochukua. Kumbukumbu ndiyo meza. Boksi ni hadi disk, yaani hifadhi ya ndani ya mashine. Tatizo ni kwamba hadi disk ya PS4 inazunguka, ina mkono unaotafuta, na inachelewa. Mchezaji akikimbia kuliko disk, atafika kwenye mtaa ambao haujachorwa.

Wabunifu wanamchelewesha bila yeye kujua. Ellie anajibana kwenye upenyo kati ya kuta mbili, anatembea kiupande polepole. Abby anainua geti zito. Wawili wanasaidiana kupanda ukuta huku wanapiga soga. Nyakati nyingi za namna hiyo, katika gemu hii na ndugu zake za kizazi hicho, zina kazi ya siri: disk inasoma eneo la mbele na kufuta la nyuma. Ni ufundi mzuri sana, na kwenye sofa ya mtu California hauna gharama yoyote.

Kibandani una gharama. Unalipa kwa muda, na dakika zako kadhaa zinakwenda kumtazama mtu akijibana ukutani ili disk ipate nafasi ya kusoma. Kwa kweli aina hii ya gemu haikubuniwa kwa biashara yetu. Mechi ya mpira ina mwanzo na mwisho, watu wawili wanalipa pamoja, aliyeshindwa anainuka. Gemu ya hadithi inamkalisha mteja mmoja siku nyingi, inahitaji kusevu, na kesho yake kuna mtoto anaingia, anabonyeza kuanza upya na kusevu juu ya safari yako. Wenye vibanda wengine wameacha kabisa kuziweka. Siwalaumu, ingawa nasikitika.

Umeme nao. Kigoma tumeishi kwa majenereta ya dizeli miaka mingi kabla ya gridi ya taifa kutufikia, na kila mwenye PS hapa anaujua ule ujumbe mashine inapowashwa, kwamba haikuzimwa vizuri, kisha inaanza kukagua hifadhi yake. Gemu hizi husevu zenyewe kila baada ya kipande, na alama ndogo huzunguka pembeni mwa skrini. Ukikatika umeme alama hiyo inazunguka, faili linaweza kuharibika.

Hali hizo zinapimwa kabla, kwa kiasi fulani. Gemu haiingii kwenye mashine mpaka mwenye mashine aikague. Wakaguzi huzima pedi katikati ya pambano waone kama gemu itasimama yenyewe. Hujaza hifadhi pomoni kisha wakaiamuru isevu. Ikifeli inarudishwa studio. Kando yake kuna bodi za umri: Marekani iliipa alama ya miaka 17 na kuendelea, Ulaya ikaipa 18. Alama hiyo imechapishwa mbele ya kasha, na sijaona kibanda ambacho mtu anaisoma kabla ya kumpa pedi mtoto mwenye sare za shule.

Sasa tufike kwenye tarehe yenyewe. Septemba 2019 walitangaza 21 Februari 2020. Mwezi mmoja tu baadaye, Oktoba, wakasogeza hadi 29 Mei, wakisema kiwango wanachokitaka hakijafikiwa. Miezi mitatu ya ziada inasikika kama mapumziko. Machi 2020 mwandishi Jason Schreier aliandika katika tovuti ya Kotaku kwamba ndani ya studio watu walikuwa wanakesha na kufanya kazi wikiendi, na kwamba kati ya wabunifu 20 wasio viongozi waliotajwa kwenye Uncharted 4, 14 walikuwa wameshaondoka. Waliobaki walikuwa wakiwafundisha wageni huku saa inakwenda. Muda wa ziada ulizaa kazi ya ziada, kwa sababu mtu anayeipenda kazi yake akipewa miezi mitatu hairekebishi tu, anaongeza.

Hapa ndipo wale wa "wameishiwa pesa" wanapopinduliwa. Kwa hesabu yetu ya juu, miezi mitatu ni kama dola milioni 6 za mishahara bila senti ya mauzo kuingia. Aliyeishiwa hawezi kusogeza tarehe. Aliyeishiwa huiachia gemu ikiwa mbichi apate chochote. Tuliyaona hayo Desemba 2020 kwa Cyberpunk 2077, ingawa waundaji wake, CD Projekt, hawakuwa wamefilisika, walikuwa wamechoka kusogeza. Waliisogeza mara kadhaa, wakaitoa bado mbovu kwenye PS4, na Sony wakaiondoa kwenye duka lao la mtandaoni kwa miezi.

Kisha ikaja korona. Tarehe 2 Aprili 2020 The Last of Us Part II ilisogezwa bila tarehe mpya. Safari hii studio ilisema kazi iko ukingoni kumalizika. Tatizo ni usafirishaji na usambazaji, na walitaka watu wote waipate karibu wakati mmoja. Tuelewe uzito wake. Gemu inauzwa kwa diski na kwa kupakua. Ukiwaachia wa kupakua kwanza, hadithi nzima inasambaa kabla mwenye diski hajafungua kasha, na maduka yaliyoagiza mzigo yanabaki nao. Kwa hiyo kwa wiki chache mwaka huo, kweli kulikuwa na gemu iliyokaribia kuwa tayari na haikutolewa. Wale wa "wanaibania" wana nusu ya hoja.

Nusu nyingine ilijibiwa mwishoni mwa mwezi huo huo. Video za gemu zikavuja, zikiwa na matukio makubwa ya hadithi, likiwamo kifo ambacho studio ilikuwa imekificha kwa miaka. Sony walisema waliohusika si watu wao wala wa Naughty Dog. Tarehe 27 Aprili ikatangazwa tarehe mpya, 19 Juni. Kila siku gemu iliyokaribia kukamilika inayokaa kabatini ni siku ya hatari ya namna hiyo, na ndiyo maana hakuna mchapishaji mwenye akili anayeibania kwa kutafuta hamu. Hamu inatengenezwa na trela. Kabati linatengeneza wavujaji.

Tarehe 4 Mei gemu ilitangazwa kuwa dhahabu, yaani nakala mama imefungwa na iko tayari kwenda kiwandani. Ilihitaji diski mbili za Blu-ray, moja ya kupakia data na nyingine ya kuchezea, na mashine ilitaka nafasi ya GB 100 wakati wa kuipakia. Kati ya 4 Mei na siku ya kuuzwa kuna siku 46 za kugandamiza diski, kufunga makasha na kusafirisha. Studio haikulala siku hizo 46. Walirudi kwenye ile orodha ya makosa, wakaendelea kurekebisha, na matokeo yake ndiyo apdeti inayokusubiri siku ya kwanza. Diski imeganda Mei. Gemu imeendelea kutembea. Aliyeinunua diski hiyo na kuicheza bila intaneti anacheza gemu ya nakala mama, mwenye bando anacheza nyingine iliyorekebishwa, na wote wawili watakuambia wanacheza kitu kimoja.

Ilipotoka, nakala zaidi ya milioni 4 ziliuzwa katika siku tatu. Maelfu ya watu waliipa alama mbovu kabisa mtandaoni ndani ya saa chache, kabla ya aliyeinunua siku hiyo kuweza kuimaliza. Hasira nyingi zilitokana na ule uvujaji. Bei ilikuwa dola 60, karibu shilingi 140,000 za wakati huo. Tukichukulia Sony walibaki na dola 40 kwa nakala baada ya duka na usafiri, na hapo nakadiria tu, walihitaji nakala milioni 5 na nusu kurudisha gharama ya kuiunda, matangazo kando. Kufikia 2022 walikuwa wamepita milioni 10.

Huku mwisho wa reli hakuna aliyeipata 19 Juni dukani. Duka la mtandaoni la PlayStation halina Tanzania kwenye orodha ya nchi zake, kwa hiyo mwenye PS hapa hufungua akaunti ya Afrika Kusini au Marekani na kutafuta kadi za kulipia za nchi hiyo hiyo, kwa sababu kadi ya nchi moja haikubali kwenye akaunti ya nyingine. Njia ya pili ni diski iliyotumika, inayotoka Kariakoo kwa basi au ndani ya begi la ndugu. Habari njema ni kwamba diski za PS4 hazijafungiwa nchi. Ya Ulaya inacheza kwenye mashine ya Japani. Ukinunua hii, hesabu diski ndani ya kasha. Ikikosekana ile ya data, huna cha kupakia, na ile ya kuchezea peke yake haikufaidii kitu.

Na usidhani 2020 ndiyo mara ya mwisho ilipotoka. Mei 2021 ilikuja apdeti ya kuifanya ichore picha 60 kwa sekunde kwenye PS5. Bila intaneti, diski ile ile ndani ya PS5 inabaki na 30. Tarehe 19 Januari 2024 likatoka toleo lililoboreshwa la PS5, na 3 Aprili 2025 la kompyuta. Mwenye toleo la PS4 anaweza kupanda hadi la PS5 kwa dola 10, lakini kama lake ni la diski, diski lazima iwe ndani ya mashine kila anapocheza. Zile PS5 za bei nafuu zisizo na tundu la diski haziwezi kuisoma, kwa hiyo kabla ya kutoa hela yako kwa mtu wa Kariakoo, muulize kwanza ni PS5 ipi.